Je, wajua kwa nini ambulensi ya kijijini inaweza kuwa mchomoko wa jirani?

Mchomoko kila mtu wa Kanda ya Ziwa anaujua. Ni ile Probox inayotoka stendi ikiwa na abiria wawili kiti cha mbele, wanne nyuma, mwingine kajikunja kwenye buti na ndoo yake ya dagaa, na dereva bado anaita, "Mmoja tu, twende!" Sasa gari hilo hilo, saa nane usiku, linasimama mbele ya zahanati ya kijiji huko Misungwi likiwa tupu. Kiti cha nyuma kimetandikwa turubai, juu yake kanga mbili. Anayepandishwa ni mama aliyejifungua muda si mrefu, na damu haikatiki.

Mtu aliyezoea mjini, anayesikia ving'ora vikipanda kilima cha hospitali ya Bugando jijini Mwanza, atauliza ambulensi iko wapi. Ndiyo hiyo.

Jibu la haraka ni kwamba magari ya wagonjwa hayatoshi. Ni kweli, ila haliishii hapo. Hata wilaya ikipewa magari mawili zaidi, yatalala makao makuu ya wilaya, na mgonjwa yuko kilomita 40 upande wa pili. Yapasa yaende kumfuata, kisha yarudi naye. Njia moja inasafiriwa mara mbili, na kwa mama anayevuja damu safari ile ya kwenda kumfuata ndiyo inayomaliza muda.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mwisho wa ujauzito, kiasi cha nusu lita ya damu au zaidi hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, misuli ya mji wa mimba inatakiwa ijikaze na kuibana mishipa iliyobaki wazi, kama mtu anavyokunja ngumi. Isipojikaza, mishipa hiyo ni bomba lisilofungwa. Mama anaweza kufariki ndani ya muda wa saa mbili hivi, na mara nyingine chini ya hapo. Mkunga wa zahanati anaweza kumchoma sindano ya oksitosini ya kuukaza mji wa mimba, kumkanda tumbo na kumtundikia dripu. Chupa ya damu hana, wala chumba cha upasuaji. Hivyo viko kwenye kituo cha afya kikubwa au hospitali ya wilaya, na ndiko anakotakiwa kufikishwa.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliligawa tatizo hili katika ucheleweshaji wa aina tatu, na mgawanyo huo wakunga wanafundishwa mpaka leo. Wa kwanza ni wa nyumbani: kuamua kwamba hali hii inahitaji hospitali. Wa pili ni wa njiani. Wa tatu ni wa hospitalini kwenyewe, mgonjwa kafika lakini daktari hayupo, au damu ya kundi lake hakuna. Ambulensi, kwa mtazamo wa wengi, ni dawa ya ule wa pili tu. Mimi naona gari la jirani linagusa hata ule wa kwanza. Nitaeleza.

Mfumo unaotumia magari haya unaitwa m-mama. Ulianza kwa majaribio mwaka 2013 katika maeneo ya Sengerema na Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua uwe wa nchi nzima. Namba yake ni 115, hailipiwi, na inapatikana saa 24. (Watu wanaichanganya na 114, ambayo ni ya zimamoto.) Anayehudumiwa ni mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga ambaye hajamaliza siku 28. Aliyeumwa na nyoka au kuanguka na pikipiki hayumo, jambo linalozua maneno mengi vijijini, na sioni kama wanaolalamika wanakosea.

Simu ikipokelewa, mratibu anauliza maswali kwa mpangilio maalumu. Mazungumzo yenyewe ni ya kawaida kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mgonjwa ni nani yako?"

"Mkwe wangu. Mume wake yuko ziwani."

"Damu inalowesha kanga ngapi tangu ajifungue?"

Majibu yakionyesha hatari, mratibu anaangalia kituo gani cha karibu kinaweza kutibu tatizo hilo, kisha anatafuta gari. Ambulensi ya serikali ikiwa karibu na iko tayari, inakwenda hiyo. Isipokuwepo, anampigia dereva jamii aliye jirani zaidi na mgonjwa. Huyu ni mwenye mchomoko au teksi, mtu anayefahamika kwa uongozi wa eneo, aliyesajiliwa na kupewa mafunzo mafupi. Anamchukua mama, anamfikisha, kituo kinathibitisha kwamba kimempokea, na nauli inaingia kwenye simu ya dereva. Kiwango kinategemea umbali na kimepangwa mapema, kwa hiyo hakuna kupatana bei mlangoni.

Hilo la nauli linaonekana dogo. Kabla yake, familia ilikuwa inaanza kwa kuchanga. Nakumbuka shangazi yangu mmoja, miaka ile ya nyuma: gari la kituo lilikuwepo, dereva alikuwepo, ila tuliambiwa mafuta hayamo, tutafute wenyewe. Baba mdogo alizunguka nyumba kwa nyumba na tochi kuomba. Saa nzima ikapita kwenye kuhesabu noti. Mwenye gari binafsi naye ukimwamsha usiku anataka pesa mkononi, na hawezi kulaumiwa sana: akishamfikisha mgonjwa, akifariki, nani atamdai mfiwa nauli? Siku hizi dereva anajua atalipwa hata familia isiwe na shilingi. Ndiyo maana anaamka.

Na hapa ndipo naurudia ule ucheleweshaji wa kwanza. Mama mkwe ambaye angesema "tumsubiri mumewe arudi" alikuwa anasubiri vitu viwili, ruhusa na pesa. Ukiondoa pesa, ruhusa inakuwa nyepesi. Zaidi ya hapo, anayekuja kumbeba mkwewe siyo mtu asiyemjua. Ni mtoto wa fulani, aliyembebea magunia ya mpunga wiki iliyopita. Kumkabidhi binti wa watu usiku kwa mwanamume mgeni ni jambo moja, kumkabidhi kwa kijana wa kitongoji chako ni lingine.

Kuna binamu yangu anayefanya kazi hii. Nilifungua buti la gari lake nikitafuta spana, nikakuta kamba nene, jembe lisilo na mpini mrefu, tochi mbili, na vipande viwili vya mbao vilivyochakaa. Mbao za nini? Za mbuga.

Msukuma haiti ardhi yote udongo. Ile nyepesi ya kichanga iliyo kwenye miinuko, karibu na mawe makubwa, anaiita luseni. Ile nyeusi ya bondeni ni mbuga. Mbuga kiangazi inapasuka mipasuko ya kuingia mguu, na njia juu yake ni ngumu kama lami. Ikinyeshewa, inavimba na kunata. Tairi linazunguka palepale, linajizika, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo gari linavyoshuka. Dereva wa ambulensi aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine anaiona njia fupi, anaifuata, anakwama katikati. Binamu anajua mvua ilinyesha upande gani jioni ile, kwa hiyo anazunguka kwa juu, kwenye luseni, kilomita sita zaidi, na anafika kabla. Mbao ni za pale ambapo hakuna kuzunguka: unaziingiza chini ya tairi, unatoka.

Anwani nayo ni hivyo hivyo. Mratibu akimwambia "ukipita mashine ya kusaga, kwenye mwembe uliopigwa radi, kata kushoto," hahitaji maelezo zaidi. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walio lindoni wakiona taa za gari usiku wanapaswa kulisimamisha, na gari geni linaweza kuhojiwa hadi mtu akachoka. La kwake wanalitambua kwa mlio. Wakati mwingine ndio wanaomsaidia kusukuma. Huko Usukumani kuitikia yowe, mwano kama lijulikanavyo, ni wajibu wa kila mwanamume mwenye afya, na naamini mfumo huu umepata mizizi haraka kwa sababu umekuta desturi hiyo iko tayari: mtu akilia usiku, unatoka.

Visiwani mambo ni mengine. Kome na Maisome upande wa Buchosa, Ukara na visiwa vingine vya Ukerewe, huko mchomoko hautamfikisha mgonjwa ng'ambo. Anayeamshwa ni mwenye boti la mashine. Na ziwa usiku lina tabia yake, ambayo wavuvi waliijua kabla ya wataalamu wa hali ya hewa kuieleza. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya mvua hujengeka huko juu ya vilima. Usiku inageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo unatoka pande zote za ufukwe kuelekea katikati ya ziwa. Unapokutana hauna pa kwenda ila juu. Hewa yenye unyevu ikipanda, inakuwa ngurumo. Ndiyo maana dhoruba kali za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku wa manane na alfajiri, saa zile zile ambazo uchungu wa kujifungua haujali.

Kwa hiyo nahodha anasimama ufukweni, anaangalia mimweko upande wa magharibi, na anapaswa kuamua juu ya watu watatu: mama, mtoto na yeye mwenyewe. Maji haya yalimeza MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, hii ya pili ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Hakuna mtu wa Ukerewe anayehitaji kuelezwa hatari ya maji. Akisema tusubiri hadi kupambazuke, si uzembe.

Kuna na jambo la mwezi, ambalo mtu wa bara hawezi kulifikiria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, na wavuvi wengi hupumzika. Maana yake ni kwamba usiku wa mwezi mpevu boti zimejaa ufukweni na mashine zake, wenyewe wamelala. Usiku wa giza, ambao ndio unaotisha zaidi kusafiri, boti nyingi ziko mbali majini na taa zao zinamulika kama mji. Mama akizidiwa siku hizo, kupata chombo ni kazi. Ndiyo sababu wakunga wa visiwani wanasisitiza mjamzito mwenye dalili za hatari ahamie karibu na hospitali wiki kadhaa kabla ya tarehe zake, akae kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria pale ilipo.

Kwa watu wa Sengerema, maji yaliyowatenga na Mwanza yamevukwa kwa njia nyingine. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Kabla yake rufaa ya kwenda Bugando ilipitia kwenye feri. Gari la mgonjwa lilipewa nafasi ya kwanza kupanda, hilo ni kweli, lakini ukifika Busisi ukakuta feri ndiyo kwanza imeng'oa, iko katikati inaelekea Kigongo, nafasi ya kwanza haikusaidii. Unakaa. Unaangalia taa zake zikipungua, huku mgonjwa akiuliza kama mmefika. Sasa ni dakika chache juu ya maji.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 kwenye ule wa mwaka 2022. Mchomoko haukufanya hayo peke yake, na mwaka huo wa 2022 m-mama ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kusambaa. Vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji viliongezeka, na wanaojifungulia nyumbani walipungua. Lakini chumba cha upasuaji kisichofikika ni jengo tu.

Yule mama wa Misungwi alifika, akaongezewa damu, na akabaki wodini na mtoto wake. Binamu alirudi kumekucha, kiti cha nyuma kikiwa kama unavyoweza kufikiria, akiwaza ataanzaje kuosha. Alikuta wanawake wawili wa ukoo ule wamekaa kibarazani kwake, ndoo za maji mbele yao na sabuni ya unga. Walimwambia hiyo si kazi ya mwanamume. Akapewa kigoda na bakuli la uji, akawa anawatazama wakitoa turubai, wakisugua, wakisuuza, wakitandaza kanga juu ya ua wa minyaa. Saa nne alikuwa stendi.