Je, wajua kwa nini lifti nyingi za Hong Kong hazina ghorofa ya nne?

Ukipanda lifti katika majengo mengi ya Hong Kong utaona vitufe vikitoka 3 na kurukia 5. Tazama juu zaidi: 14 haipo, wala 24, wala 34. Ghorofa yenyewe ipo, watu wanaishi humo, wanapika na kulala, ila imepewa namba nyingine. Korea Kusini nako lifti nyingi zina herufi F mahali ambapo 4 ingekaa.

Chanzo chake ni sikio. Kwa Kichina sanifu nne ni sì, na kufa ni sǐ. Yakiandikwa kwa herufi zetu, ni zile zile. Kinachotenganisha maneno hayo ni toni. Nne hutamkwa kwa sauti inayoporomoka, kufa kwa sauti inayozama kisha ikainuka. Kwa Kikantoni, lugha ya watu wa Hong Kong, maneno yote mawili ni sei, tofauti ni toni tu. Na 24 nayo ni nuksi kubwa, maana inasikika kama mtu anayesema "rahisi kufa".

Sisi wa Kiswahili tunaweza kulionja jambo hili kwa neno sita. Ni namba, na papo hapo ni kitenzi: mtu husita. Kwa bahati kusita si jambo la kutisha, kwa hiyo hakuna anayekataa nyumba namba sita. Lakini fikiria kama namba hiyo ingekuwa inasikika kama kufa, nawe umempeleka mama yako hospitali, muuguzi akakuambia, "Wodi namba sita." Moyo ungeshtuka kabla akili haijasema lolote. Na hofu ya maneno si ngeni kwetu. Katika nyumba nyingi nyoka hatajwi usiku. Huitwa kamba, asije akasikia jina lake akaitika.

Wajapani walichukua namba kutoka Kichina, kama Kiswahili kilivyochukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, na nuksi ikaja pamoja nazo. Kwao nne ni shi, na kifo ni shi. Tisa ni ku, na ku ni mateso pia. Bahati nzuri walikuwa na neno lao la asili la nne, yon, na hilo ndilo wanalolitumia mara nyingi ili kukwepa lile jingine. Hospitali nyingi huko hazina chumba namba 4 wala 9. Hata namba za magari zinazoishia na 42 huwa hazitolewi kwa kawaida, kwa kuwa 4 na 2 zikisomwa pamoja ni shini, yaani kufa.

Sikio hilo hilo ndilo lililoipa nane heri yake. Kwa Kikantoni nane ni baat, na faat ni kustawi, kutajirika. Mwaka 2003 shirika la ndege la Sichuan lilinunua namba ya simu yenye nane tupu, 8888-8888, kwa zaidi ya yuan milioni 2.3. Michezo ya Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008, saa ikiwa imegonga nane za usiku kwa hesabu yao. Kwa saa ya Kiswahili hiyo ni saa mbili usiku, na nane imeshapotea! Ndiyo maana naamini heri ile haimo ndani ya namba. Imo ndani ya lugha, na ukivuka mpaka wa lugha inabaki nyuma.

Si kila namba huogopwa kwa matamshi. Hofu ya 13 huko Ulaya na Marekani mara nyingi huelezwa kwa karamu ya mwisho ya Yesu, walipoketi mezani watu 13. Waitaliano wengi huiogopa 17: kwa Kirumi ni XVII, na ukizipanga upya herufi hizo unapata VIXI, neno la Kilatini lenye maana ya "nimeishi", yaani sasa nimekufa.

Je, hofu yenyewe inaweza kuua? Mwaka 2001 watafiti wa California walichapisha uchunguzi wa vyeti vya vifo vya Marekani, wakasema vifo vya moyo kwa Wamarekani wenye asili ya China na Japani huongezeka tarehe 4 ya mwezi. Wengine waliupinga, na uchunguzi uliofanywa baadaye Hong Kong kwenyewe haukuliona ongezeko hilo. Mimi naona ni vigumu kuutegemea ule wa kwanza.

Kwa wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kufuata bidhaa, jambo hili lina matumizi ya papo kwa papo. Ukialikwa arusi huko, tia yuan 88 au 800 katika bahasha nyekundu, usitie 400. Na zawadi isiwe saa ya ukutani, hata iwe nzuri namna gani: kwa Kichina "kupeleka saa" husikika sawasawa na kumsindikiza mtu katika safari yake ya mwisho.