Usiniletee chupa ya maji, niletee samaki

Mtu akishuku kwamba maji ya hori ya Tudor yamechafuliwa, la kwanza analofanya ni kuyateka kwenye chupa na kuyaleta maabara. Namwelewa. Lakini ameyateka saa ngapi? Wakati wa bamvua hapa Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo yaliyopita mbele yako asubuhi, jioni yako kwingine kabisa. Anayemwaga uchafu usiku anajua hilo vizuri kukushinda. Ndiyo maana sisi wa fani hii ya kupima uchafuzi huwauliza viumbe walioshinda na kulala humo.

Tunachotafuta ndani yao huitwa bayomaka. Ni badiliko la mwilini, labda kimeng'enya kilichopungua, protini iliyoongezeka au chembe ya damu iliyoharibika, linaloonyesha kwamba kemikali imeingia na imeanza kazi yake. Kipimo cha maji hukwambia sumu ipo. Bayomaka hukwambia imemfanya nini mnyama.

Chukua mafuta. Mwaka 2005 mafuta ghafi ya meli yalimwagika Port Reitz na kuipaka mikoko. Tuseme mafuta yamemwagika tena, ukavua tafi hapo, ukapima minofu yake na kukuta karibu hakuna kitu. Usishangilie. Ini la samaki huzivunja haraka hidrokaboni zile nzito, yaani kemikali za mafuta, na kuzitoa kwa njia ya nyongo, minofu ikabaki safi. Kwa hiyo tunapasua tumbo. Kwenye ini tunapima kimeng'enya kiitwacho saitokromu P450 1A, ambacho huongezeka likikutana na mafuta, na kwenye nyongo tunatafuta mabaki yenyewe. Chaza naye ni kinyume. Uwezo wake wa kuvunja hidrokaboni ni mdogo, basi hujikusanya katika nyama yake. Samaki na chaza wa mkoko mmoja wanaweza kukupa majibu mawili yanayopingana, na yote yakawa kweli. Nimeona ripoti zikiandika "eneo ni salama" kwa kutegemea minofu peke yake, na hilo hunikera mpaka leo.

Dawa za kuulia wadudu mashambani zina tabia nyingine. Zile za jamii ya oganofosfati huweza kuvunjika majini kwa siku chache, ila kimeng'enya cha neva zinachokizuia, asetilikolinesterasi, huchukua wiki kadhaa kurudi kiwango chake. Mvua ikishazisomba hadi baharini, maji hupimwa safi huku ubongo wa samaki ukiwa bado una habari.

Kuna bayomaka nyingine isiyohitaji hata kemia. Rangi ya zamani ya kuzuia kome na chaza kushika chini ya meli ilikuwa na tributiltini, na sumu hiyo humwotesha konokono jike wa baharini kiungo cha kiume. Akizidiwa, njia ya mayai huziba. Kwa konokono walio wepesi kuathirika, nanogramu 1 hivi katika lita ya maji inatosha kuanzisha balaa, yaani gramu moja katika lita bilioni moja. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kutumika 2008, lakini sumu hiyo hudumu kwenye tope la bandari miaka mingi, na tope likichimbwa ili meli kubwa zipite, huamka. Konokono, darubini na subira: vifaa ni hivyo.

Tusiseme bahari tu. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendelea hadi 2014, na madini ya risasi yakaonekana katika damu ya watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mimi huwaza kuku. Kuku huchakura vumbi lilelile siku nzima, na risasi huzuia ALAD, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza damu, katika damu ya ndege kama inavyofanya kwa binadamu. Tone la damu ya bawani lingetosha kumshtua mtu kabla ya mtoto kuchomwa sindano.

Sasa matatizo, maana yapo. Chaza wakati wa masika, maji yakipoteza chumvi, hubadilisha kemia yake bila sumu yoyote. Akiwa msimu wa kutaga, vilevile. Protini ya metalothionini, tunayoipima kwa ajili ya kadimiamu na shaba, hupanda na kushuka kwa sababu hizo zote. Ndiyo maana lazima uwe na chaza wa kulinganishia kutoka mahali penye uchafu mdogo, mfano Gazi kule Kwale, waliokusanywa msimu uleule. Wengine huwahamisha chaza wasafi na kuwaweka kwenye vizimba karibu na mfereji wanaoushuku, mwezi mmoja hivi. Zungumza kwanza na BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wa hapo, la sivyo vizimba vitageuka kitoweo.

Halafu joto. Vimeng'enya huharibika njiani, kwa hiyo ini lazima liingie papo hapo kwenye naitrojeni ya majimaji, yenye baridi kali. Aliyewahi kusubiri foleni ya feri Likoni na mtungi wa naitrojeni kwenye tuktuk atanielewa.

Na bayomaka haimtaji mhalifu. Ini likilalamika, bado unahitaji kemia ya tope na maji kusema ni nani.

Kwa kikundi cha ufuoni kinachotaka kuanza bila mashine za mamilioni, ningependekeza kipimo cha mikronuklei. Chembe nyekundu za samaki zina kiini, na DNA ikiumizwa, vipande hubaki pembeni kama viini vidogo. Unahitaji tone la damu, kioo, rangi ya Giemsa na darubini, yaani vitu vilevile vinavyotumika zahanati kusoma malaria. Hesabu chembe 1,000 au zaidi kwa kila samaki, linganisha na samaki wa Gazi, na umwombe msomaji wa pili ahesabu bila kujua kioo kipi kimetoka wapi.