Usukani ukitetemeka unapofunga breki, usikimbilie diski mpya

Papa mmoja anayebeba abiria kati ya Bukavu na Uvira aliniletea Toyota yake akiwa amechoka. Ndani ya miezi saba alikuwa amefunga jozi mbili za diski mpya za breki mbele. Kila mara gari lilitulia wiki chache, kisha akifunga breki katika mwendo wa 80 usukani unaanza tena kumchezea mikononi. "Fundi, hizi diski za siku hizi ni feki," akaniambia. Nikamjibu: "Papa, tusinunue kitu kabla ya kupima."

Hizo wiki chache za utulivu ndizo zilizonionyesha pa kutafuta.

Kabla ya kufungua tairi huwa naendesha gari mwenyewe. Likitetemeka barabarani bila breki, mara nyingi ni balansi ya magurudumu au rimu iliyogongwa shimoni. Likitetemeka kwa breki tu na ukausikia mtikisiko kwenye usukani, tazama mbele. Ukiusikia zaidi kwenye kiti na pedali, shaka nyuma. Pedali inayogonga haraka haraka kwenye utelezi ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake, wala si ugonjwa. Kisha nanyanyua gari na kutikisa magurudumu: rotili (viungio vya duara vya gurudumu) na bushi (mipira ya viungio) zilizolegea hukuza mtetemo mdogo ukawa mkubwa.

Sasa diski yenyewe. Watu husema "imepinda kwa moto", lakini ninachokikuta karibu kila mara ni diski yenye unene usio sawa. Inaanza hivi: diski imekaa upande kidogo tu kwenye habu, yaani kitovu inapofungwa, kwa hiyo kila mzunguko sehemu moja inagusa plaketi (pedi za breki) hata kama hukukanyaga breki. Kilomita baada ya kilomita, sehemu hiyo inalika. Siku unene ukitofautiana kiasi cha milimita 0.02, breki inashika, inalegea, inashika, na mikono yako inajua. Ndiyo maana diski mpya ikifungwa juu ya habu chafu huenda vizuri mwanzoni, halafu ugonjwa unarudi.

Nilibana diski ya kushoto kwa nati zote, nikaweka komparateri, saa ya kupima mchezo mdogo sana, karibu na ukingo, nikaizungusha kwa mkono. Ilicheza milimita 0.14. Magari mengi madogo hayaruhusu zaidi ya 0.05, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Nikaitoa diski: habu ilikuwa na gamba la kutu kavu, na aliyefunga diski mara mbili hakuligusa. Nilipiga brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa, hasa kuzunguka shina la kila bolti, maana hapo ndipo kutu hujificha. Nikapima tena: 0.04.

Unene ulikuwa umeshatofautiana, kwa hiyo diski zote mbili zilikwenda kukerezwa, yaani kusawazishwa uso kwa mashine. Hilo linafaa tu kama zitabaki juu ya kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye diski yenyewe, karibu na herufi MIN TH (unene wa chini kabisa). Chini ya hapo, nunua mpya, na nunua mbili. Pini za etriye, kifaa kinachobana plaketi kwenye diski, nilizisafisha na kuzipaka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira.

Kuhusu nati nasema kwa uchungu: mashine ya upepo inayokaza nati moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine inaivuta diski upande. Kaza kwa msalaba, kwa hatua, umalizie na ufunguo wenye kipimo cha nguvu ya kukaza (Nm). Corolla na RAV4 nyingi zinataka 103 Nm. Kijana wa kubadilisha tairi barabarani anaweza kuharibu kazi ya siku nzima kwa dakika mbili.

Halafu kuna mteremko wa Ngomo, kwenye barabara hiyo ya Bukavu kwenda Uvira. Ukiteremka kuelekea Kamanyola mguu ukiwa juu ya breki muda wote, diski zinawaka. Ukifika chini ukasimama na kuendelea kukandamiza pedali, plaketi huacha alama yake pale pale, na alama hiyo nayo huleta mtetemo. Shuka na gia ya pili, funga breki kwa nguvu kidogo kisha achia. Ukisimama breki zikiwa moto, mahali tambarare, shikilia gari kwa breki ya mkono.

Papa nilimpa plaketi mpya na kazi ya kufanya: kupunguza mwendo mara kumi hivi kutoka 60 hadi 20, taratibu, bila kusimama kabisa, na kuacha breki zipoe katikati. Alirudi baada ya miezi mitatu kubadilisha mafuta ya injini. Kabla hajaondoka niliomba kufungua gurudumu la kushoto. Komparateri ilisoma 0.04 ile ile.