Kwa nini rekodi pekee haitoshi kujifunza gitaa la dansi la Dar es Salaam?

Je, wajua kwa nini kijana anaweza kusikiliza bendi za dansi kama NUTA Jazz au Mlimani Park kila siku na bado akapiga nyimbo zao vibaya, ilhali nusu saa na mpiga gitaa mkongwe humfungua masikio?

Sababu kubwa ni jinsi magitaa yanavyogawana kazi. Bendi ya dansi huwa na solo (gitaa linaloongoza), sekondi solo (la pili yake), ridhimu (la mdundo wa msingi) na besi. Sekondi solo hupita kwenye mapengo ya ridhimu, na katika rekodi za zamani za Redio Tanzania sauti hizo mbili hukaribiana mno, sikio likadhani ni gitaa moja. Mwanafunzi hujaribu kupiga noti zote peke yake, vidole vinakwama, mwendo unakuwa mzito.

Kwa hiyo ukimwendea mzee, usimwombe wimbo mzima. Baada ya shikamoo, mwombe apige ridhimu tupu, mizunguko minne, polepole, umrekodi kwa simu. Kisha apige sekondi solo juu ya rekodi hiyo. Hapo utasikia nani anaacha nafasi na nani anaijaza. Muulize pia anahesabu moja wapi, maana kishazi (kipande kifupi cha muziki) cha solo mara nyingi huingia kabla ya pigo la kwanza. Kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka zaidi, solo inaporudia kishazi kifupi, uliza ni ishara gani ilimwambia abadilishe: ngoma, mwimbaji au tarumbeta? Akipenda kuonyesha kuliko kueleza, mwache aonyeshe.

Muulize alipiga hivyo akiwa bendi ipi. Wanamuziki walihama: Muhidin Gurumo alitoka NUTA Jazz, iliyoanza 1964, akaingia Mlimani Park ilipoundwa 1978. Msondo wa NUTA na Sikinde ya Mlimani Park ni mitindo miwili, na mkono uleule haukupiga sawa kote.

Kuna jambo linalosumbua wengi. Kanda ikizunguka kasi zaidi kwa asilimia 6 tu, wimbo hupanda karibu nusu toni, na gitaa lako halikubaliani nao. Wengine hapo huanza kubuni kodi (noti zinazopigwa pamoja) za ajabu. Mzee hukumbuka umbo la vidole. Shika umbo hilo, kisha punguza kasi ya rekodi mpaka vilingane.

Besi mtafutie mpiga besi. Mpiga solo atakuonyesha noti za besi, lakini mara nyingi hakumbuki zilinyamaza wapi.