Grouping ya reli ni nini, na kwa nini sio kutaifisha

Juzi kati narudi Dodoma na SGR, tumeshaiacha Kilosa, jamaa wa siti ya pembeni alikuwa anasoma habari za reli za Uingereza kwenye simu, akanigeukia, eti kaka hii Grouping ya 1923 ndo kutaifisha kwenyewe au? Nikamwambia hapana. Akasema sasa si serikali iliingilia, nikamwambia iliingilia ndio ila haikuchukua. Tukabishana mpaka tunaingia Dodoma, na kwa mwendo wa ile treni ubishi haukufika mbali, kwahiyo namalizia hapa.

Kwa kifupi Grouping ni serikali kuyaambia makampuni binafsi ya reli, kwa sheria, kwamba unganeni, tena inawapangia kabisa nani aungane na nani, halafu baada ya hapo makampuni yanabaki mali ya wenye hisa kama zamani. Hapo ndo watu wanachanganya. Kutaifisha tunakujua vizuri sisi, Februari 1967 mabenki yalikuwa ya watu, mara yakawa ya serikali. Na kuungana kwa kawaida kwa biashara tunakujua pia, wenye mali wanakaa, wanapatana, wanasaini. Grouping iko katikati, ni ndoa ya kupangiwa na wazee, bibi na bwana hawakuulizwa sana, ila nyumba yao, madeni yao.

Sasa kwa nini ifike huko. Reli za Uingereza hazikujengwa kwa mpango wa serikali kama hii yetu ya kati aliyoifikisha Mjerumani Kigoma 1914. Kule kila mwenye hela zake alienda bungeni kuomba kibali, akipata anajenga, na jirani yake akiona biashara inalipa naye anajenga ya kwake pembeni. London kwenda Exeter, mji wa kusini magharibi, kulikuwa na kampuni mbili zinagombania abiria. Kule Wales wenye makaa ya mawe walichoshwa na foleni ya bandari ya Cardiff wakaamua kujenga bandari yao Barry, ikafunguliwa 1889, na reli yao wenyewe ya kushushia mzigo. Yaani fikiria wafanyabiashara wa zabibu hapa Dodoma wamekasirikia foleni ya malori wakachonga barabara yao mpaka Dar! Ndo maana kufika mwanzo wa miaka ya 1920 makampuni yalikuwa zaidi ya 100, mengine makubwa kweli, mengine ka-reli ka kijiji tu.

Na hapa kuna kitu mi nakipenda sana kwenye hii stori. Behewa la kampuni A likipita kwenye reli ya kampuni B kwenda kushusha mzigo kwa C, hela inagawanywaje? Tangu 1842 walikuwa na ofisi ya pamoja London, karibu na stesheni ya Euston, kazi yake kubwa ni mahesabu hayo, ilikuja kuwa na makarani zaidi ya 2,000. Na kule kwenye makutano ya reli kulikuwa na watu wamesimama na daftari na penseli, mvua inyeshe isinyeshe, wanaandika namba za mabehewa yanayopita, ya nani, limepita siku gani, likichelewa kurudi kwa mwenyewe kuna faini. Leo ukituma hela toka mtandao huu kwenda mtandao ule kompyuta zinamalizana zenyewe kimyakimya, kule ilikuwa ni jeshi zima la watu na madaftari. Huo ni mfano mmoja tu wa gharama ya kuwa wengi.

Vita ya 1914 ikaja, serikali ikashika uendeshaji wa karibu reli zote mpaka 1921, zikaendeshwa kama kitu kimoja na watu wakaona kumbe inawezekana. Ila vita ilipoisha reli zilikuwa zimechoka, matengenezo yameahirishwa, mishahara imepanda, masaa ya kazi yamepunguzwa kuwa 8 kwa siku, na makampuni madogo yakirudishwa yalivyo yanakufa. Chama cha Labour na vyama vya wafanyakazi wakasema taifisheni basi, serikali haikutaka. Waziri wa kwanza wa uchukuzi alikuwa Eric Geddes, na huyu hakuwa mgeni, kabla ya vita alishakuwa bosi kwenye kampuni ya North Eastern. Njia yake ikawa ya katikati, sheria ikapita Agosti 1921 na makundi, yaani makampuni yaliyounganishwa, yakaanza rasmi tarehe 1 Januari 1923.

Yakabaki manne. LMS (London, Midland and Scottish) lililokuwa kubwa kuliko yote, LNER (London and North Eastern) la upande wa mashariki mpaka Scotland, Southern la kusini, na Great Western. Huyu Great Western ndo pekee aliyebaki na jina lake, alimeza zile reli ndogondogo za Wales ikiwemo hiyo ya Barry, akaendelea kama hakuna kilichotokea. Sio kila kitu kiliingia lakini, treni za chini ya ardhi za London ziliachwa nje, na kuna reli za ubia zilizobaki za ubia, safari hii kati ya makundi yenyewe.

Kwenye karatasi ilionekana imeisha, kumbe kazi ndo inaanza. Southern peke yake ilirithi kampuni tatu kubwa, kila moja ina kichwa cha treni namba 1, namba 2, namba 3, sasa ukisema leta namba 3 unaletewa ipi? Wakaamua kuweka herufi mbele, A kwa vichwa vya karakana ya Ashford, B kwa Brighton, E kwa Eastleigh, wakaishi hivyo miaka kadhaa. Umeme nao ulikuwa mtihani, kampuni ya Brighton ilikuwa inatumia nyaya za juu na ile ya magharibi inatumia reli ya tatu ya chini inayobeba umeme, ikabidi mmoja akubali kushindwa, na 1926 ikaamuliwa reli ya tatu, zile nyaya za juu zikaja kung'olewa. Breki ndo usiseme, kuna waliokuwa na breki za upepo na kuna wa vakyumu, yaani za kunyonya upepo, ukitaka kufunga mabehewa ya huyu kwenye kichwa cha yule ni shida tupu.

Ila mi naona kuunganisha vyuma kulikuwa rahisi kuliko kuunganisha watu. LMS ilirithi vichwa kama 10,000 vya aina karibu 400, na ndani yake mafundi wa karakana ya Derby na mafundi wa karakana ya Crewe, za makampuni mawili tofauti ya zamani, ambao miaka yote walikuwa wapinzani, leo wanaambiwa nyie ni ndugu. Wa Derby wanapenda vichwa vidogo, treni ikiwa nzito unafunga viwili, wa Crewe wanaona huo ni upuuzi. Mvutano ulienda karibu miaka 10, mpaka wakaenda kumchukua mtu wa nje kabisa, William Stanier, kutoka karakana ya Swindon ya Great Western, akaanza kazi 1932 akaja na michoro mipya isiyo ya Derby wala ya Crewe.

Je ililipa? Kwa kiasi. Sheria iliweka kiwango cha faida ambacho makundi yalitakiwa yakifikie, kimepigwa kwa mahesabu ya 1913, na hawakukifikia. Kosa ni kwamba sheria iliandikwa kana kwamba adui wa reli ni reli mwenzake, wakati adui alikuwa lori. Baada ya vita malori ya jeshi yaliuzwa, mwenye hela kidogo ananunua, anajipangia bei, mzigo asioutaka anaukataa. Reli haikuruhusiwa kuukataa mzigo na bei zake ziko wazi kwa kila mtu, kwahiyo mwenye lori anasoma bei ya reli anashusha kidogo, amemaliza. Ukisimama barabara ya Singida jioni ukayaona malori yanavyopishana wala huhitaji maelezo zaidi.

Tarehe 1 Januari 1948 makundi yote manne yakachukuliwa na serikali, wenye hisa wakalipwa kwa hati za serikali. HIYO sasa ndo kutaifisha, jamaa yangu wa kwenye siti.

Na kwetu? Mei 1948, mwaka uleule, reli ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda ikawa East African Railways and Harbours. Tuliungana ndio, ila hiyo sio Grouping, maana zote zilikuwa za serikali tayari, hakuna mwenye hisa aliyelazimishwa. Vivyo hivyo 2017 sheria ilipounganisha TRL iliyoendesha treni na RAHCO iliyomiliki njia za reli kuwa TRC, Shirika la Reli Tanzania, ni serikali inapanga upya nyumba yake. Nilimweleza hivyo baba yangu mdogo aliyestaafu reli, akacheka, akaingia ndani akatoka na kikombe chake cha bati kimegongwa EAR&H, akasema sisi 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, tulifanya kinyume chake, tuligawana mpaka vikombe.