Sindano ya mwezi: mgonjwa asipotulia, uliza miguu kabla ya kuongeza dozi

Katika kliniki nyingi za afya ya akili Tanzania na Kenya, "sindano ya mwezi" ni flufenazini dekanoeti, dawa ya kuzuia ugonjwa mkali wa akili (saikosisi) usirudi, ambayo wengi tunaiita Modecate hata kichupa kikija na jina jingine. Kila mililita ina miligramu 25 ndani ya mafuta ya ufuta. Mafuta hayo ndiyo yanayoishikilia dawa msulini itoke kidogo kidogo, na ndiyo yanayotukosesha pia.

Uliza kwanza kama mgonjwa ana mzio wa ufuta. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa, kwani unyevu huifanya dawa iwe na ukungu. Tumia sindano ya geji 21; mafuta mazito hayapiti vizuri kwenye nyembamba zaidi. Binafsi napendelea nyonga kuliko tako, kwa kuwa neva kubwa ya mguu hupita takoni. Ukilazimika kuchoma tako, iwe robo ya juu upande wa nje, na mwezi ujao uhamie tako la pili. Vuta ngozi pembeni sentimita 2 au 3, choma wima, rudisha bomba nyuma kidogo kuangalia damu, kisha sukuma polepole, sekunde 10 kwa mililita. Subiri sekunde 10 nyingine, chomoa, ndipo uachie ngozi. Usisugue. Ukiharakisha, mafuta hurudi juu kwa njia ileile ya sindano, pamba inalowa, na dozi uliyoandika kwenye kadi siyo aliyoipata mgonjwa.

Anayeanza hupewa dozi ya majaribio: miligramu 12.5, yaani nusu mililita. Mzee apewe 6.25. Ya kawaida hufuata baada ya siku 4 hadi 7. Vidonge alivyokuwa akinywa visikatwe siku hiyohiyo, maana sindano huchukua wiki kadhaa kushika, na ndugu wengi huviacha kwa kudhani sasa vimepata mbadala.

Ndani ya siku chache za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda, macho yakageukia juu, ulimi ukakakamaa. Nyumbani watasema ni pepo. Waambie mapema, wakiwa bado wamekaa mbele yako, kwamba hali hiyo imeletwa na dawa na inatibika: prometazini miligramu 25 hadi 50 msulini, kisha Artane (triheksifenidili, vidonge vya kulegeza mkakamao huo) kwa siku chache. Akipata shida ya kupumua, ni dharura.

Linalotupotezea wagonjwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kutotulia kunakoletwa na dawa yenyewe. Mgonjwa anasimama, anakaa, anapiga hatua palepale, halali. Ndugu wanaripoti "amerudia", mhudumu anaongeza dozi, hali inazidi, na mwezi unaofuata haji. Muulize kwa maneno ya kawaida: unaweza kukaa mpaka umalize kula? Hicho kinachokusukuma utembee kiko kichwani au miguuni? Mwenye ugonjwa uliorudi mara nyingi ataeleza sauti au watu wanaomfuata. Mwenye tatizo la dawa atakuonyesha miguu. Hapo jadili na daktari kupunguza dozi au kutumia propranololi kwa kiwango kidogo, ila si kwa mwenye pumu. Artane haisaidii sana hapa, wala haifai kugawiwa kila mtu kila siku kama njugu: hukausha mdomo, hufunga choo, huvuruga kumbukumbu, na wapo wanaoiuza.

Homa nayo isikupumbaze. Pima malaria, lakini shika na mkono wake. Mkono ukiwa mgumu kama ubao, anatoka jasho na amechanganyikiwa, huenda ni dawa yenyewe inayomdhuru: usichome tena, mpe rufaa saa hiyohiyo, na kwenye barua andika tarehe ya sindano ya mwisho, kwa sababu dawa hiyo haiwezi kutolewa mwilini na itaendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa.

Kwenye kadi, karibu na dozi na upande uliochomwa, andika pia jibu lake kuhusu miguu. Muuguzi wa mwezi ujao huenda asiwe wewe.