Mtaji unaozunguka na mtaji uliolala: maana yake kwa mwenye duka anayejenga

Mwenye duka anayejenga nyumba za kupangisha anashika mitaji ya aina mbili, hata kama yote imetoka kwenye droo moja. Mtaji unaozunguka ni fedha inayoondoka ikiwa noti, inageuka mzigo, mzigo unauzwa, noti zinarudi zikiwa zimeongezeka kidogo, kisha safari inaanza upya. Mtaji uliolala ni fedha iliyoingia kwenye kitu kisichouzika kesho wala mwezi ujao: kiwanja, msingi, tofali, nondo, bati. Fedha hiyo haijapotea, na jengo likikamilika litaleta pango. Ila msambazaji wa unga akija Jumatatu kudai chake, huwezi kumbandulia tofali.

Biashara nyingi nzuri za mitaani zimekufa wakati mwenyewe akiamini anaendelea. Watu wanaona ghorofa linapanda, wanampongeza, na hakuna anayeona kwamba rafu za dukani zinabaki wazi wiki baada ya wiki. Ndiyo maana nataka twende na hesabu, maana jambo hili halionekani vizuri bila hesabu.

Tuseme kuna duka la jumla la vyakula pembezoni mwa Dar es Salaam. Tarakimu ni za mfano tu. Mtaji wa mzigo ni shilingi 20,000,000, na mzigo huo unaisha na kununuliwa upya mara moja kwa mwezi. Faida ghafi ni asilimia 8, yaani 1,600,000 kwa mwezi. Pango la fremu, mshahara wa kijana wa dukani, umeme na ulinzi vinakula 700,000. Mwenye duka anabaki na 900,000.

Sasa anapata kiwanja na anaamua kutoa nusu ya mtaji, 10,000,000, aanze kujenga. Wengi hudhani kwamba ukitoa nusu ya mtaji, faida nayo itabaki nusu, yaani 450,000. Sivyo. Mzigo wa 10,000,000 unaleta faida ghafi ya 800,000. Mwenye fremu hajapunguza pango kwa sababu wewe unajenga, na kijana bado anataka mshahara wake. Toa 700,000, inabaki 100,000. Nusu ya mtaji imeondoka na sehemu nane kati ya tisa za faida. Na hapo bado hatujamhesabu mteja aliyekuja akakosa sukari, akaenda duka la pili na kukuta huko kuna kila kitu. Huyo hatarudi siku utakapojaza rafu tena.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji ni hili: fedha hii ni mtaji au ni faida? Faida inayohesabika ni ile iliyobaki baada ya kulipa gharama zote, baada ya kurudishia mzigo kwa bei ya leo, na baada ya kujilipa mwenyewe. Bei ya leo ina uzito wake. Kama mafuta ya kula uliyoyanunua kwa 50,000 sasa yananunuliwa kwa 56,000, sehemu ya unachokiona kwenye droo inahitajika kununua ndoo ileile. Ukiipeleka kwenye msingi, umeanza kula mtaji bila kujijua.

Turudi kwenye nyumba. Tuseme kiwanja na ujenzi wa vyumba vitano vimegharimu 60,000,000, na kila chumba kinapangishwa kwa 100,000 kwa mwezi. Vikijaa vyote mwaka mzima ni 6,000,000. Toa miezi ambayo chumba kinakaa kitupu, bomba linalopasuka, rangi, kodi ya serikali, na unaweza kubaki na 4,800,000 hivi, sawa na asilimia 8 ya ulichoweka. Duka lile, hata ukimtengea mwenyewe mshahara wa 400,000 kwa mwezi kwa kazi ya kusimama pale tangu alfajiri, linabakiza 500,000 kwa mwezi, au 6,000,000 kwa mwaka juu ya mtaji wa 20,000,000. Hiyo ni asilimia 30.

Kwa nini basi mtu ajenge? Kwa sababu duka lina ukomo. Mtaa unaokula magunia fulani ya mchele kwa mwezi hautakula maradufu eti kwa kuwa umeagiza maradufu. Ipo siku ukiongeza mzigo, mzigo unakaa, unga unaingia wadudu, na fedha inalala ghalani kama ambavyo ingelala kwenye tofali, tena bila kukuletea pango. Hapo mtaji wa duka umeshiba. Shilingi ya ziada dukani haileti tena asilimia 30. Huenda haileti kitu. Kwa maoni yangu huo ndio wakati halali wa kujenga, na mtu anayejenga wakati huo anafanya jambo la busara kubwa. Duka linategemea miguu yake mwenyewe. Akiugua mwezi mmoja linayumba. Vyumba vitano havimdai asimame kaunta.

Utaujua wakati huo kwa daftari la mzigo. Andika siku bidhaa ilipoingia na siku ilipoisha. Kama bidhaa zinazotoka haraka bado zinaisha kabla hujapata fedha ya kuagiza tena, duka lina njaa, na kiwanja kisubiri.

Tabia yetu ya kujenga nayo ina mchango wake. Tanzania mikopo ya nyumba ni michache sana. Jumla yake haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Watu hujenga kwa mfukoni, hatua kwa hatua: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta mpaka lenta, kupaua kunangoja neema. Njia hii ina uzuri wake kwa sababu huna deni. Lakini kwa mfanyabiashara pagale ni mtaji uliolala usingizi mzito kuliko wote: limekula fedha na halitoi pango. Ndiyo maana ningemshauri mwenye duka ajenge kidogo kinachokamilika. Fremu mbili za mbele zenye mlango, umeme na choo, zikaanza kupangishwa, ni bora kuliko kuta za vyumba kumi vinavyoota majani. Pango la fremu hizo ndilo litakalonunua bati za vyumba vya nyuma.

Kuna wanaokopa. Mkopo wa biashara wa miezi 24, wenye riba inayokaribia asilimia 15 kwa mwaka au zaidi, umetengenezwa kwa fedha inayozunguka: unanunua mzigo, unauza, unarejesha. Ukiuchukua ukaumwagia zege, marejesho yanaanza mwezi ujao ilhali jengo lenyewe, kwa hesabu yetu ya juu, litahitaji zaidi ya miaka 12 kurudisha gharama yake. Atakayelipa ni duka. Limenyang'anywa mtaji upande mmoja na kubebeshwa marejesho upande wa pili. Pia usisahau dhamana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani, na kipengele hicho kipo kwa sababu nzuri. Mke au mume anayeombwa saini ana haki ya kuoneshwa kwanza daftari la duka na kuelewa fedha inakwenda wapi.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo halina kelele. Mwenye duka amemaliza jengo, akahamishia biashara kwenye fremu yake mwenyewe. Zamani alilipa pango la 300,000 kwa mwezi, sasa halipi. Faida inaruka kutoka 900,000 hadi 1,200,000, naye anasema biashara imekua. Biashara haijakua hata kidogo. Ile 300,000 ni mapato ya jengo: angempangisha mtu mwingine fremu ileile, angepokea kiasi hicho akiwa amelala. Duka bado linaingiza 900,000 zilezile.

Madhara yanaonekana miaka ikipita. Ushindani unaongezeka, faida inashuka mpaka 250,000 kwa mwezi, na mwenyewe anaridhika kwamba angalau anapata kitu na hadaiwi pango. Kwa hesabu ya kweli duka linapoteza 50,000 kila mwezi, kabla hata ya kuhesabu jasho lake. Jengo linamlisha muuza duka, naye anadhani ni kinyume. Nimeona wazee wenye majengo mazuri barabarani wakibaki na maduka yenye vumbi kwa namna hii hii, na inaniumiza, kwa sababu hesabu ya dakika tano ingewapa pumziko walilostahili.

Dawa ni kujilipa pango. Kila mwezi duka litoe 300,000, kwa bei ya soko la mtaa huo, ziende kwenye akaunti ya jengo au hata namba nyingine ya simu. Daftari la duka liandike gharama, daftari la jengo liandike mapato. Vivyo hivyo kijana anayelala chumba kimoja bure kwa kuwa anauza dukani: chumba hicho ni sehemu ya mshahara wake, duka lilipie. Usipofanya hivyo hutajua kamwe lipi kati ya mawili linastahili shilingi yako inayofuata.

Mbele ya sheria mambo ni tofauti kidogo. Kama umesajili jina la biashara BRELA bila kuunda kampuni, wewe na duka ni mtu mmoja. Pango unalojilipa ni la kukuongoza tu. Huwezi kulipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kama gharama. Na msambazaji anayekudai mzigo wa mkopo akikushinda mahakamani, anaweza kuifikia mali yako, jengo likiwemo. Kampuni ya hisa yenye ukomo wa dhima ni mtu mwingine kisheria: deni lake si deni lako. Msingi huo uliwekwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 katika kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, na mahakama za Afrika Mashariki huufuata hadi leo. Ukiwa na kampuni, duka linaweza kuwa la kampuni na jengo likabaki la kwako. Hapo pango ni la kweli: linaandikiwa mkataba, linakuwa gharama ya kampuni, na kampuni inakata asilimia 10 ya pango hilo kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA. Kinga hiyo, hata hivyo, inavuja pale unapotia saini udhamini binafsi wa mkopo wa kampuni. Benki nyingi huuomba. Soma karatasi zote.

Kwa walio Kenya, nyumba ya kuishi na fremu ya biashara hazitozwi kwa njia moja. Pango la makazi linaloanzia shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya pato ghafi tangu Januari 2024, bila kutoa gharama. Pango la fremu halimo humo. Linaingia kwenye hesabu ya kawaida ya mapato, ambako gharama zinatolewa. Anayeamua kujenga vyumba au maduka apige hesabu hiyo kabla ya kumwita fundi. Tanzania, kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, maana yake anayenunua umeme ndiye anayeilipa kwanza. Kubalianeni na mpangaji mapema nani ataibeba.

Wapo wanaosema nyumba haina hatari. Historia yetu inasema vinginevyo. Mwaka 1971 Tanzania ilipitisha Sheria ya Utwaaji wa Majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakatwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majengo. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wafanyabiashara wengi, hasa wenye asili ya Asia, walikuwa wameweka akiba ya maisha yao ya dukani kwenye majengo hayo, na jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Sisemi yatarudi. Siku hizi hatari inayowafika wengi ni ndogo na ya karibu zaidi: kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili, barabara inayopanuliwa, bonde linalofurika kila masika, mtaa unaopoteza wapangaji kwa sababu soko limehamishwa. Duka likiungua, jengo lililo mbali na duka linabaki. Jengo lililo juu ya duka linaungua nalo. Kwa hiyo hata mahali unapojenga ni sehemu ya uamuzi huu, na bima ya moto ya jengo haimaanishi kwamba mzigo uliomo ndani umekatiwa bima. Hivyo ni vitu viwili na kila kimoja kina thamani yake kwenye karatasi.

Jambo la mwisho ni mirathi, na nalitaja kwa sababu familia nyingi huumia hapa. Duka linahitaji mtu wa kuamua kila siku: kuagiza, kulipa, kufunga. Jengo linaweza kusubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe. Mwenye mali akifariki huku fedha za duka na pango zikiwa kwenye akaunti moja ya jina lake, akaunti inazuiwa, mzigo unakwisha, na warithi wanajikuta na jengo zuri na duka lililokufa katika miezi ambayo walikuwa wakizunguka mahakamani. Andika wosia. Na kwenye daftari la duka, ukurasa wa kwanza, andika nani anadaiwa, nani anakudai, na fedha ipi ni ya mzigo isiyopaswa kuguswa na msiba wala ujenzi, kisha mwonyeshe mtu mmoja nyumbani ukurasa huo ulipo.